Tupeane uzoefu: tairi ulilichaguaje, na likakutendaje?

Mwenye mada, Kasarani:
Ndugu zangu, naanza mimi. Mwaka 2022 nilinunua matairi manne ya mtumba kutoka Japani, katika duka moja karibu na Barabara ya Kirinyaga, kwa kuwa meno yake yalikuwa bado marefu na ubavu uling'aa kama kiatu cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Miezi mitano baadaye, nikielekea Thika, la nyuma kushoto lilipasuka, na gari likayumba hadi ukingoni mwa barabara. Fundi aliyelifungua alifuta ubavu kwa kitambaa chenye petroli. Rangi nyeusi ikabaki kitambaani, na chini yake zikaonekana nyufa nyembamba kama za kisigino, pamoja na tarakimu nne: 0911. Alinieleza kwamba ni wiki ya 9 ya mwaka 2011. Nilikuwa nimenunua mpira wa miaka 11 kwa kutazama meno tu. Siku hizi huinama na tochi kabla ya kuuliza bei, muuzaji anune asinune.

Mwanachama, Embakasi:
Yangu hayakuwa ya zamani, ila yalikuwa na picha ya mlima wenye chembe ya theluji ubavuni, nami nikadhani ni urembo. Kumbe ni matairi ya majira ya baridi, ambayo mpira wake ni laini, na hapa kwetu lami ya adhuhuri huyala upesi. Kabla ya mwaka kwisha meno yalikuwa yamelika hadi vile vituta vidogo vilivyo ndani ya mifereji, alama ya kwamba zimebaki milimita 1.6 tu na tairi limekwisha, na mvua iliponikuta Mombasa Road nilikanyaga breki, gari likateleza juu ya maji.

Mama Rongai:
Mimi hubeba mboga kwa gari dogo. Gari linataka tairi la saizi 195/65 R15 91H. Nikauziwa 185/60 R15 84H, nikiambiwa kwamba rimu ni ileile. Ni kweli rimu ni ileile, hiyo R15, lakini 91 ni namba ya uzito ambao tairi linaweza kubeba, kilo 615 kwa kila tairi, na 84 ni kilo 500. Ubavu ulivimba kama jipu. Je, upepo ninaotia huenda umechangia?

Mwenye mada:
Huenda, mama. Soma kiasi cha upepo kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kisha upime upepo asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi. Lakini hilo lililovimba lisiguswe kwa pampu, livuliwe leo.