Naomba msaada kabla ya Alhamisi: "babu alikuwa akikata mkonge" kwa Kiingereza nisemeje?

Binti wa Korogwe

Habari za jioni wadau. Nina miaka 26, nimesomea utalii ngazi ya cheti na natafuta kazi ya kuongoza wageni. Wiki iliyopita nilipigiwa simu ya usaili na kampuni moja, jina naliacha. Dada aliyekuwa ananisaili akataka nimweleze kwa Kiingereza mahali nilipokulia, nizungumze naye kama ninavyozungumza na mgeni. Mimi nimelelewa na babu, Korogwe, na babu alikuwa mkata mkonge. Nikasema hivi:

"My grandfather was cutting sisal. We were living near the estate. Every evening he was telling us stories."

Akanikatisha: "He was cutting sisal when? What happened?" Nikamjibu hakuna kilichotokea, ndiyo yalikuwa maisha yake. Akanyamaza kidogo kisha akaingia swali jingine. Nilijua nimekosea, ila mpaka simu inakatika sikujua kosa liko wapi. Iliniuma, kwa sababu habari za babu ndizo ninazozijua kuliko kitu chochote.

Nikaenda kusoma, nikakutana na "used to". Nikaandika upya: "My grandfather used to cutting sisal. I am used to live near the estate. He would live with us and he would tell us stories." Nikamwonyesha rafiki yangu anayefundisha tuisheni, akasema kila sentensi ina kosa, lakini alikuwa anawahi kipindi hakunieleza.

Wamenipa nafasi ya usaili wa pili, Alhamisi. Naomba mnieleze taratibu. Natanguliza shukrani.

Kipepeo84

Dada usijisumbue sana. Weka "used to" kila mahali halafu kitenzi kikavu. Wageni watakuelewa tu.

Kalamu Nyekundu

Kipepeo, kwenye kitenzi kikavu uko sahihi. Kwenye "kila mahali" tutarudi baadaye.

Binti, nimefundisha Kiingereza sekondari kwa miaka 19 na kosa lako la kwanza nalisahihisha kila wiki. Si uzembe, ni Kiswahili chetu kinachotuvuta. Ukisema "babu alikuwa akikata mkonge", neno "alikuwa" limebeba mizigo miwili. Mzigo wa kwanza: saa ile alikuwa katikati ya kukata, pengine nyoka akatokea. Mzigo wa pili: hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake miaka nenda miaka rudi. Sisi tunatambua ni upi kwa kusikiliza maneno yaliyo jirani, hatupati shida. Mtoto anamaliza miaka saba ya shule ya msingi akisoma kwa Kiswahili, anaingia Kidato cha Kwanza masomo yote yanageuka Kiingereza, na "I was going" anaiona inalala sawasawa juu ya "nilikuwa naenda". Anaibeba hivyo mpaka utu uzima.

Kiingereza kimegawa mizigo hiyo. "He was cutting sisal" ni mzigo wa kwanza. Anayesikia anaona mtu ameinama shambani na panga mkononi, anasubiri umwambie kilichofuata. Ndiyo maana dada yule akauliza "when?". Hakuwa na nia mbaya, sentensi yako ilimwahidi tukio halafu tukio halikuja.

Nawapa wanafunzi wangu kipimo hiki, wakipime kwa Kiswahili kabla hawajaandika. Jaribu kuongeza "mara ghafla" mwishoni. "Babu alikuwa akikata mkonge, mara ghafla…" Kama ndicho unachotaka kusema, tumia "was cutting". Kisha jaribu kuongeza "enzi hizo" mwanzoni. "Enzi hizo babu alikuwa akikata mkonge." Kama hapo ndipo moyo wako ulipo, tumia "used to cut". Habari zako zote za babu ni za "enzi hizo".

Na baada ya "used to" kitenzi hakivai chochote: cut, live, tell, work. Si "cutting", si "cuts". Babu, bibi, sisi, wao, umbo ni lilelile.

Mvita Kale

Dadangu, mwalimu amesema kweli. Mimi niko Mombasa, nami nakuonyesha ulipojikwaa kwenye sentensi ya pili, maana hata huku kwetu wengi hujikwaa papo hapo.

Wewe ulifikiri "nilizoea kuishi karibu na shamba", ukatafuta neno la kuzoea, ukapata "I am used to live". Sasa tazama. Kwa Kiswahili "nilizoea kwenda baharini" yaweza kuwa na maana kwamba nalikuwa nikienda mara kwa mara, na yaweza kuwa na maana kwamba bahari hainitishi tena. Kiingereza hakikubali zichanganyike.

"I used to live near the estate." Niliishi hapo zamani, sasa siishi.
"I am used to living near the estate." Naishi hapo, na kelele za kiwanda hazinisumbui tena.

Tazama kilicho kabla ya "used". Ukiona am, is, are, was au were, basi ni kuzoea kwa moyo na mwili, na kitenzi kinachofuata huvaa -ing, au huja nomino: "I am used to the heat". Kama hakuna kitu, ni desturi ya zamani na kitenzi hubaki kikavu. Ukisema "I am used to live" umechukua kichwa cha hii ukakifunga kwa mkia wa ile.

Tena iko ya tatu itakayokufaa kazini: "get used to", yaani ule mwendo wa kuanza kuzoea. Mgeni amefika Lushoto, asubuhi baridi imemkamata, wamwambia "You'll get used to it". Utazoea.

Binti wa Korogwe

Kaka Mvita, hapo nimepata mwanga. Kumbe nilichokuwa nakiita kosa moja ni mawili. Swali: "would" je? Kitabu kimoja nilichopitia kinasema "would" na "used to" ni kitu kimoja.

Mpanda Mlima

Hilo la "would" naomba nilijibu mimi, nina miaka 11 Kilimanjaro na wageni, na kuna siku liliniponza.

Si kitu kimoja. "Would" ni ya matendo yaliyorudiwa: alikuwa akikaa nje, alikuwa akisimulia, alikuwa akinunua sukari kila mwisho wa mwezi. Hali haiikubali. Kuishi mahali, kuwa na kitu, kujua, kupenda, kuwa mtu fulani, zote hizo ni "used to". Kwa hiyo "he would live with us" haifai, mzungu atasikia "angeishi nasi" na atangoja umwambie kama nini. Lakini "he would tell us stories" ni safi kabisa, ndiyo sentensi yako pekee ambayo sikuona kosa. Rafiki yako wa tuisheni alisema kila sentensi ina kosa. Kwenye ile ya tatu kosa liko nusu ya mwanzo tu.

Jambo la pili, "would" haitangulii. Lazima kwanza msikilizaji ajue tuko zamani. Unafungua na "used to" mara moja au mbili, mgeni akishaingia enzi hizo unashuka na "would", na mara nyingine wakati uliopita wa kawaida tu, "every evening he sat outside". Kipepeo, ndiyo maana sikubaliani na "kila mahali". Nilimsikia mwenzangu mmoja akisema "used to" kama mara kumi kabla hatujamaliza kupanda kilima kimoja, wageni wakaanza kuangalia simu.

Sasa lililoniponza. Baba yangu alikuwa mpagazi mlimani. Niliwaambia wageni "My father wouldn't wear boots", nikimaanisha hakuwa akivaa viatu vya mlimani. Mama mmoja akaniuliza kwa mshangao kwa nini mzee alikataa. Hakukataa, hakuwa navyo! "Wouldn't" ukiitumia kwa mambo ya zamani inasikika kama mtu aligoma. Nilipaswa kusema "My father didn't use to wear boots", au ya wazi zaidi, "My father had no boots". Nilijisikia vibaya siku nzima, maana ilionekana kama mzee alikuwa mkaidi.

Kipepeo84

Nimekubali, nafuta ushauri wangu wa kila mahali. Sasa mwalimu, hiyo "didn't use to" inaandikwa na d au bila d? Naona watu wanaandika zote mbili.

Kalamu Nyekundu

Bila d. "Did" imeshabeba wakati uliopita, kitenzi kinarudi umbo lake la msingi, kama unavyosema "didn't go" na si "didn't went". Kwenye swali vilevile: "Did you use to live here?" Wenyeji wa lugha wengi huandika "didn't used to", kwa sababu kimatamshi hazitofautiani, lakini kwenye mtihani msahihishaji anaweza kukukata. Anayeogopa kuchanganya aseme "never used to", hiyo inabaki na d na haina ugomvi.

Na kwa kuwa Binti atapimwa kwa kusema, tuguse matamshi. "Used" ya kutumia kitu ina z ndani, "yuuzd". "Used to" ya desturi ina s, na d ile inamezwa na t inayofuata: "yuusta", pamoja, kwa pumzi moja. Wengi wetu tunasema "yuzdi tu", tunaikata vipande viwili. Mgeni anasikia kama unazungumzia kutumia kitu. Sema mara ishirini ukiwa unaosha vyombo: yuusta kat, yuusta liv, yuusta wek.

Binti wa Korogwe

Nimekaa usiku nimeandika upya. Naomba mkague bila huruma:

"My grandfather used to cut sisal. We used to live near the estate, and every evening he would sit outside and tell us stories. He used to work there for twenty-two years. At first I wasn't used to the noise of the factory, but I got used to it. Today the place is quiet. I use to visit it every December."

Mvita Kale

Mashallah. Ile ya kelele umeipiga barabara, "wasn't used to" na "got used to" zimekaa mahali pake.

Kalamu Nyekundu

Umepiga hatua kubwa kwa siku mbili. Yamebaki mawili.

"He used to work there for twenty-two years" haikubaliki. Ukishataja muda uliohesabika, miaka 22, au idadi ya mara, "used to" inaondoka. Yenyewe ni ya enzi zisizo na vipimo. Ukihesabu, rudi kwenye wakati uliopita wa kawaida: "He worked there for twenty-two years." Vivyo hivyo "I went to Tanga three times", si "I used to go to Tanga three times".

La pili ni la mwisho kabisa, "I use to visit it every December". Hapa umetafuta "hu-" yetu. Huenda, hulala, hutembelea. Kiswahili kimetupa kiambishi kizuri sana cha mazoea, tunadhani kila lugha inacho. "Used to" haina umbo la wakati uliopo. Mazoea ya sasa kwa Kiingereza ni kitenzi kitupu: "I visit it every December". Ukitaka kukazia, "I usually visit". Kosa hili nalikuta hata kwa watu wenye shahada, wanaandika "I use to wake up at five" wakimaanisha huamka saa kumi na moja.

Mpanda Mlima

Binti, sarufi sasa iko vizuri. Nikushauri la kazi. Mtu anayekusaili atasikia "he would tell us stories" kutoka kwa kila mwombaji. Babu kila jioni alikuwa akifanya nini kabla hajaanza kusimulia? Kitu ambacho mtu wa nje hawezi kukitunga. "Would" inapendeza zaidi ikibeba kitu kidogo cha kweli.

Binti wa Korogwe

Umenikumbusha mbali. Maji ya mkonge yanawasha sana ngozi. Sisi wajukuu tulikuwa tukimkimbilia akirudi, naye alikuwa akituzuia kwa mkono, "subirini kwanza". Anakwenda nyuma ya nyumba, ananawa mikono mpaka kwenye viwiko, ndipo anatubeba. Niliwahi kudhani hatutaki. Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa.

Nimejaribu hivi:

"Sisal juice makes your skin itch. When my grandfather came home we would run to him, but he wouldn't touch us until he had washed his arms."

Nimeweka "wouldn't" makusudi, kwa sababu hapo alikataa kweli. Ni sawa?

Mpanda Mlima

Ni sawa kabisa. Hapo ndipo "wouldn't" inapotakiwa.

Kalamu Nyekundu

Hata herufi moja usibadilishe. Anza na hiyo Alhamisi, ile ya "used to cut sisal" ikiwa imetangulia tu kumweka msikilizaji enzi hizo. Usaili ni saa ngapi?

Binti wa Korogwe

Saa nne asubuhi, mwalimu. Sasa hivi naosha vyombo. Yuusta kat, yuusta liv.