Nyumba moja, mafua yale yale, mdogo wangu peke yake kaishia ICU. Ni mambo ya damu?

Kaka_Mkubwa: Wakuu habari zenu, naomba ushauri. Mdogo wangu ana miaka 27, havuti sigara, anacheza mpira kila jioni. Mwezi wa pili tuliugua nyumba nzima, mimi siku tatu nikapona, wanangu wa kiume wawili makamasi tu, yeye siku ya saba akawa anahema kama katoka mbio, kumbana kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kinasoma 82 na midomo imebadilika rangi. Nimonia ya virusi, ICU siku 11. Katoka, alhamdulillah, ila mama anajilaumu kwamba alimwacha anaoga maji baridi alfajiri. Na mjomba, kaka yake mama tumbo moja, alifariki 2021 kwa Uviko ana miaka 36. Hivi hii inarithiwa? Naogopa kwa wanangu.

Fundi_Maabara: Pole sana mkuu. Kwanza mwambie mama maji baridi hayahusiki kabisa. Virusi vikiingia, seli zinatakiwa ziwashe haraka jeni za kutengeneza intaferoni, ndo kengele ya kuamsha seli za jirani zijifunge. Ikichelewa kulia virusi vinazaliana kimyakimya, halafu baadae jeni za uvimbe zinawaka kwa pamoja na mapafu yanajaa. Wafaransa 2020 walipima damu za wagonjwa 50 wa Uviko, waliozidiwa, intaferoni yao ilikuwa chini huku uvimbe uko juu. Watoto, seli zao za puani ziko macho hata kabla virusi havijafika, hiyo inasaidia.

Mwaka huohuo Uholanzi vijana 4, ndugu wawiliwawili toka familia 2, wote chini ya miaka 35 na wazima kabisa, wakaishia ICU. Kumbe jeni ya TLR7, ile inayosaidia seli kugundua virusi, ina hitilafu. Hiyo iko kwenye kromosomu X, mwanaume anayo moja tu na anaipata toka kwa mama. Sisemi ndo yenu, ila mjomba wa upande wa mama plus mdogo wako, mwambie daktari hiyo historia yote, aulize kipimo cha vinasaba. Wanao wa kiume wewe umewapa Y, X yako hawana. Dada je mnaye? Yeye anaweza kuwa na X ile ya mama na kuwapa wanawe wa kiume.

Bonde_la_Pangani: Si wawe na deksamethazoni ndani, ile dawa ya kushusha uvimbe, mtu akianza kukohoa tu anameza?

Fundi_Maabara: Hapana ndugu yangu, tafadhali. Utafiti wa Uingereza 2020 kwa wagonjwa wa Uviko, ilipunguza vifo kama theluthi kwa waliokuwa kwenye mashine, wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia. Inashusha kinga, unazima kengele kabla haijalia. Chanjo ya mafua, kifaa cha kidole, ikishuka chini ya 94 hospitali hapohapo hata kama ni usiku.

Kaka_Mkubwa: Dada tunaye, ana kijana wa miaka 4, nampigia sasa hivi. Mama nimemsomea ile ya maji baridi, kanyamaza weee, halafu kaniambia hebu rudia tena.