Maji ya Kilimanjaro yanaibukia Kenya, tuyagawane vipi?

Mzee wa Holili
Wakuu habari za jioni. Naleta hili hapa maana jana kijiweni nusura watu washikane mashati. Mimi niko Rombo ya chini huku, mpaka nauona kabisa, na jirani yangu kachimba kisima kirefu kaweka pampu ya sola, jua likichomoza inaanza kuvuta mpaka linazama, hakuna anayemuuliza kitu. Ng'ambo, Taveta ya Kenya, nao wanachimba. Sasa jamaa mmoja kasema hivi, mlima uko kwetu, mvua inanyesha kwetu, msitu tunakatazwa hata kukata fito, alafu maji yanapita chini kwa chini yanaenda kutokea chemchemi ya Njoro Kubwa kule Taveta na kule Loitokitok, wanamwagilia, mengine yanakwenda na bomba la Nolturesh mpaka Machakos, na sisi tunaoishi chini ya mlima tunasubiri boza. Kwa hiyo Kenya walipe. Mimi nasema kabla ya kudaiana, kila kisima kirefu kuzunguka mlima kifungwe mita, pande zote, na namba zionekane na wote. Mnasemaje?

Dada wa Taveta
Mzee shikamoo, lakini hiyo ya kulipa hapana. Ziwa Challa je? Mpaka umepita katikati ya maji na lenyewe maji yake mengi yanatoka chini ya ardhi, hapo nani atamlipa nani? Na si eti hatujawahi kukaa mezani, 2013 hizi serikali zilisaini makubaliano ya ziwa Challa, ziwa Jipe na mto Umba. Huku kwetu bila Njoro Kubwa hakuna mfereji hakuna ndizi. Siku hizi maji ni ya zamu, yangu ni saa nane usiku, naamka na tochi na jembe nikafungulie nakuta wa juu yangu ameshaziba na magunia ya mchanga, ni matusi mpaka alfajiri. Na huyo wa juu si Mtanzania, tunasali naye kanisa moja!

Mangi mdogo
Bishaneni tu, theluji ikiyeyuka yote mtagawana mawe 😂

Fundi Drili
Mangi hiyo ya theluji kila mtu anaisema ila mchango wake kwenye chemchemi ni mdogo sana, kinacholisha maji ya chini ni mvua ya ule ukanda wa msitu. Msitu ukiungua ndo muanze kulia.
Mzee, mita ni wazo zuri ila ngoja nikwambie mambo ya kazini. Nimekaa na mtambo wa kuchimba miaka kadhaa pande hizi. Tanzania sheria ya maji ya 2009 ipo, kibali unaomba bodi ya maji ya bonde, Kenya nao wana ya 2016. Mteja anakuja anasema kibali kiko njiani, bosi anasema washa mashine. Tunachimba, tunayafikia maji, tope jekundu linaruka mpaka kwenye mgomba, kila mtu anashangilia, na ile fomu ya kuandika kina cha kisima na aina ya udongo tuliopita inabaki kwenye dashibodi ya lori mpaka inaliwa na jua. Yakitoka maji ya floraidi, yale ya kuharibu meno ya watoto, mteja anahama mita hamsini anachimba kingine. Sasa mtagawana nini wakati hata idadi ya matundu hamna?

Mtanga wa Geneva
Naongezea hapo kwa Fundi. Huku niliko maji ya chini yanapita mpaka wa Uswisi na Ufaransa, na miaka ya 60 na 70 waliyavuta mpaka yakashuka vibaya. 1978 wakakubaliana, na angalieni waliosaini, si Paris wala Bern, ni jimbo la Geneva na mkoa wa jirani zao wa Haute-Savoie, yaani kama Rombo na Taveta wenyewe. Kila kisima kikawekwa kifaa cha kupimia, Wafaransa wakapewa kiasi cha bure, wakizidisha wanachangia gharama za kurudisha maji ya mto Arve ardhini. Hawalipii mvua, wanalipia kazi. Kwa hiyo yule wa kijiweni hakukosea sana, aseme tu kulinda msitu kunagharimu shilingi ngapi, hapo mtu anaweza kumsikiliza.

Dada wa Taveta
Sawa ya kuchangia msitu naielewa, hata miche naweza kuja kupanda. Lakini bili isipitie Nairobi na Dodoma, hatutaiona ikirudi.

Mzee wa Holili
Marahaba mwanangu, na pole na zamu za usiku. Fundi umenitisha, nilidhani shida ni wa ng'ambo kumbe hata hapa kijijini kwangu sijui matundu ni mangapi, nikahesabu leo asubuhi kwa kuangalia sola kwenye mapaa na mashambani, nimefika kumi na moja nikachoka na jua. Jirani nimemuuliza kama atakubali mita. Kasema hana shida, ila aanze wa ng'ambo.