Nasubiri majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye ziwa (titi), usiku silali. Wenzangu mlikaaje?

Mama wa Uyole
Habari zenu wapendwa. Nina miaka 38, nauza viazi hapa Uyole. Mwezi uliopita naoga nikagusa kitu kigumu ziwa la kushoto, kama punje ya njegere, hakiumi. Hospitali wakanipiga utrasaundi wakachoma sindano kubwa wakatoa kinyama, rudi baada ya wiki mbili. Juzi nimerudi naambiwa bado, njoo Jumatatu. Jamani roho iko juu juu. Simu ikilia tu moyo unaruka, jana nampimia mteja sado za viazi nikapotea hesabu ikabidi nimwage nianze upya. Usiku na hii baridi mkono wenyewe unaenda palepale naminya naminya mpaka pamekuwa pekundu. Mume anajua, watoto hapana. Halafu jirani ananiambia majibu yakichelewa ujue mabaya, na kukata kinyama kunaamsha ugonjwa bora ninywe mizizi. Ni kweli??

Mtu wa Maabara
Pole sana dada. Kuchelewa hakuna maana hiyo kabisa. Kinyama kikifika hakiangaliwi palepale, kinakaa kwanza kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kinatolewa maji, kinazamishwa kwenye nta, ndio kinakatwa vipande vyembamba sana vinapakwa rangi, halafu daktari wa patholojia anaangalia kwa hadubini na hao madaktari nchi hii ni wachache, foleni ni ndefu. Saa nyingine anaomba kikatwe kipande kingine ajiridhishe. Na kukata kinyama hakuamshi saratani, ndio njia ya kujua kwa uhakika. Vivimbe vingi vya ziwa sio saratani, vingine ni vifuko vya maji tu, ila chako ni kipi hakuna wa kukuambia hapa, hata hiyo kutouma haisemi kitu. Jumatatu uliza namba ya sampuli yako na imefikia hatua gani, na hakikisha namba ya simu kwenye fomu ni sahihi, nimeona majibu yanakaa kwenye droo kwa sababu ya tarakimu moja.

Dada wa Mafinga
Mdogo wangu, mimi majibu yangu yalikuja ndiyo, ni saratani. 2021 hiyo. Nikafanyiwa opresheni, nikaenda Dar pale Ocean Road, hospitali ya saratani, kwa dawa za dripu, na leo nakuandikia nimetoka shambani. Zile siku za kusubiri mama mkwe alikuwa anakuja jioni tunakaa jikoni tunachambua maharage, haniulizi kitu, mikono inafanya kazi tu mpaka usingizi unakuja wenyewe. Tafuta mtu wa hivyo. Na acha kuminya, unajiumiza bure. Jumatatu usiende peke yako maana wakishasema lile neno masikio yanaziba, wa pembeni ndiye anasikia. Andika maswali kwenye daftari.
Mizizi hapana nakuomba. Mama yangu mdogo alikunywa miezi minane, alipofika hospitali ziwa limeshatoka kidonda, tukamzika.

Baba Wawili, Iringa
Mke wangu alisubiri wiki tano ikawa uvimbe wa kawaida. Mwambie mzee wako asiseme usiwaze. Mimi nilikuwa nasema kila siku, siku moja akalia akaniambia bora unyamaze ukae hapa. Nikakaa.

Mama wa Uyole
Asanteni sana, nimesoma mara tatu na mume wangu nimemsomea. Leo nimemwambia binti yangu mkubwa, kalia kidogo halafu kasema Jumatatu yeye atauza viazi. Wifi anapanda kutoka Tukuyu Jumapili tulale wote tuwahi asubuhi. Daftari nimenunua, nimeshaandika la namba ya sampuli.