Naombeni ushauri: pumzi inakata kabla ya transimita ya tatu

Mguu Pori: Wakuu, habari zenu. Nina miezi minane kwenye mchezo wa kusaka transimita msituni: zinafichwa tano, kila moja inarusha herufi zake za Morse dakika moja kwa zamu, nawe unazitafuta mbio kwa ramani na redio ya kupima uelekeo. Barabarani kilomita 10 nazimaliza vizuri tu. Juzi kwenye shindano la masafa ya 3.5 MHz, nimegusa ya pili nikawa hoi: mapaja yanawaka, mkono wenye redio unatetemeka, nahema hadi nikahesabu nukta tatu za Morse mahali pa mbili. MOI (namba 2, inaishia na nukta mbili) nikaifanya MOS (namba 3, nukta tatu), nikapanda kilima kisichonihusu. Nimerudi na tatu kati ya tano, tena muda wa mwisho umeshapita, sikupangiwa nafasi yoyote. Iliniuma sana. Nifanye mazoezi gani?

Nukta Tano: Pole sana mkuu. Barabarani mwendo ni mmoja. Msituni unakimbia, unasimama ghafla, unaruka gogo, unakimbia tena, na kilomita 7 za kwenye ramani miguuni zinazidi hapo. Mimi nilitafuta mteremko wenye nyasi ndefu: dakika nne mwendo wa kuweza kuongea, dakika moja kasi yote, mara sita. Kila nikimaliza ile ya kasi, nikiwa bado nahema, nasikiliza Morse na kutaja herufi. Wiki za mwanzo nilikosea mno, usikate tamaa.

Bi Dira: Mdogo wangu, mkono nao ufunze. Kimbia mazoezini na redio yenyewe, kiwiko karibu na mbavu, uiinue wakati wa kupima uelekeo tu. Kwenye masafa ya 144 MHz ndiyo utaelewa, ile antena ndefu inachosha bega na kunasa matawi.

Mguu Pori: Asante dada. Ile ninayoifuata ikinyamaza dakika nne, nikimbie au nisubiri?

Bi Dira: Ukiwa mbali, kimbia, huku ukipima zile nne nyingine zikipokezana. Ukiwa karibu sana, simama upumue, maana ukiipita utarudi kwa miguu iliyochoka. Na ukianza usitoke mbio. Sikiliza mzunguko mzima wa dakika tano, chora mistari yako ya uelekeo kwenye ramani, zilizo juu mlimani ziwahi miguu ikiwa mipya.

Nukta Tano: Na saa itazame. Tatu ndani ya muda zina nafasi kwenye matokeo, tano nje ya muda hazina. Mimi zikibaki dakika 25 nageukia MO, ile transimita ya kuelekeza mahali pa kumalizia, hata kama ninayoiacha naisikia vizuri.

Mguu Pori: Hilo la kuiacha ndilo gumu kwangu. Kesho alfajiri naanza na mteremko, redio mkononi.