Nahisi Mungu ameniacha, naombeni ushauri

MamaWawili: Wakuu habari zenu. Nipo Mwanza, mume wangu alifariki mwaka jana. Kwenye msiba nyumba ilijaa, jumuiya wanasali kila jioni, arobaini ilipopita kila mtu akarudi kwake, simu kimya. Hilo ningevumilia, kinachoniumiza ni kwamba nikisali sihisi kitu kabisa. Watoto wakilala nashika rozari naishia kugusa punje tu, maneno hayatoki, nalia mpaka usingizi unanipitia hapo hapo kwenye kochi. Mtu wa karibu kaniambia imani yangu ndogo, tangu hapo hata kanisani naona aibu. Jamani Mungu yupo na mimi kweli?

Mzee wa Ziwa: Pole sana mwanangu. Huyo asome Zaburi ya 88, mtu anaanza analia anamaliza analia, na bado imo kwenye Biblia. Yesu mwenyewe msalabani kasema "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha", maneno ya Zaburi ya 22, naye imani yake ndogo? Wewe ukilia na hiyo rozari unamlilia nani kama si yeye? Hicho kilio ndiyo sala yako. Ukikosa maneno soma hiyo 88 kwa sauti.

bint_pwani: Pole dada, mimi Muislamu ila nichangie kidogo. Mtume wetu (SAW) wahyi (ufunuo wa Mungu) ulikatika kwa muda, washirikina wakasema Mola wake kamtupa, ndo ikashuka Suratu Dhuha: Mola wako hakukuacha wala hakukukasirikia. Mama yangu kwenye eda alikuwa anaisoma kila alfajiri, sauti inakatika katikati anaanza upya.

nesi_wa_zamu: Eliya kwenye 1 Wafalme 19 aliomba afe kabisa, malaika hakumhubiria, alimletea mkate na maji, akalala, akaamshwa ale tena. Sasa dada unakula? Ukiona huli hulali wiki zinapita, au mawazo ya kujidhuru yanakuja, nenda hospitali ongea na mtu wa ushauri nasaha, huko siyo kukosa imani. Na mpigie wewe mjane mmoja wa jumuiyani, wengi wapo kimya kwa sababu hawajui waseme nini.

MamaWawili: Asanteni sana, nimelia nikisoma. Kula kweli nawapikia watoto tu. Yupo mama mmoja naye alifiwa, nitampigia leo. Hiyo 88 naweza kusoma na watoto?

Mzee wa Ziwa: Nao soma ya 23, ya 88 baki nayo wakishalala. Na Jumapili nenda mwanangu, kaa hata benchi la nyuma, usipoweza kuimba usiimbe.