Wakuu wa meinfremu naomba ushauri: jobu 37 za usiku nataka zijiendeshe zenyewe kwenye CA 7, programu ya kupanga ratiba za jobu, natesti vipi?

Kibarua_wa_Bachi ameandika:

Habari za muda huu wakuu. Mimi humu ni msomaji tu wa siku nyingi ila leo nimebanwa imebidi nijitokeze. Nyumbani nilikuwa naendesha AS/400, kompyuta ya kati ya IBM, kwenye benki moja pale Dar, kufunga siku usiku na ripoti za asubuhi, sasa nipo Marekani kwenye kampuni ya bima na huku nimekutana na meinfremu yenyewe, ile kompyuta kubwa ya IBM yenye mfumo wa z/OS. Nilidhani ni ndugu na AS/400, kumbe undugu wa kukutana msibani tu.

Ishu iko hivi. Kila usiku kuna jobu 37 za bachi, yaani kazi za kompyuta zinazochakata data kwa mkupuo, malipo ya wateja, kamisheni za mawakala, barua za kuchapwa, bakapu, na zote anazisabmiti kwa mkono mzee mmoja opereta wa zamu ya usiku. Ana karatasi yake kwenye ubao wa kubania, imejaa madoa ya kahawa, anasabmiti moja, anasubiri iishe, anaangalia RC (namba ya matokeo, 0 ni salama), anaweka tiki kwa kalamu ya bluu, anashuka inayofuata. Mwezi wa 12 anastaafu na bosi kaamua haajiri mtu mwingine, zote ziingizwe CA 7 ambayo ipo hapa siku zote ila wanaitumia idara nyingine. Aliyetupiwa kazi ni mimi mgeni.

Nimeshaziingiza zote kwenye mazingira ya testi. Juzi nikaandika amri ya RUN kwa jobu ya kwanza, ikamaliza RC 0 safi, nikakaa nasubiri ya pili iamke... kimya. Nikaipiga RUN na ya pili, ikaenda, ya tatu kimya. Yaani nimekuwa yule yule mzee ila sina karatasi. Halafu jobu ya 9, ambayo ndiyo pekee inayoanza kwa saa, nimeikuta imekaa kwenye foleni usiku kucha.

Naombeni mawazo, mnyororo mzima unatestiwaje bila kugusa data za wateja, na nitajuaje uko tayari kabla mzee hajaondoka? Uzi tayari, nipo hapa.

Siti_ya_Mbele:

Sijaelewa hata mstari mmoja ila nimeshakaa, wataalamu karibuni.

Fundi_Seva:

Mkuu si uweke cron tu, ile ya Linux ya kuanzisha kazi kwa saa, yaishe? Unajipa presha ya bure.

Bi_JCL:

Fundi_Seva cron inajua saa, haijui kama jobu ya kabla imemaliza au imekufa njiani. Ukipanga malipo saa sita na barua saa saba, siku malipo yakichelewa barua zinatoka na data za jana.

Sasa kijana, tulia, hakuna kilichoharibika. RUN na DEMAND si kitu kimoja. RUN inaiita jobu peke yake kama mtoto aliyetumwa dukani, haiangalii inamsubiri nani na ikimaliza haimwamshi mtu. DEMAND inaiingiza na masharti yake yote na ikimaliza inaamsha zinazofuata. Ndio maana kwako kulikuwa kimya. Lakini hapo hapo ndipo palipo na hatari, maana ukishazoea DEMAND kwenye testi iko siku utaiandika kwenye prodakisheni, mfumo wa kazi halisi, mchana kweupe eti unaangalia tu, na mnyororo wote utaamka na barua zitachapwa. Jizoeze DEMANDH, inaingiza jobu ikiwa imeshikiliwa, unaikagua kwenye foleni kwanza ndio unaiachia.

Kuhusu data, usitesti ratiba kwa jobu za kweli. Wewe unataka kujua nani anamfuata nani, hutaki kujua kama kamisheni imejumlishwa sawa, hiyo ni testi nyingine. Tengeneza laibrari ya pembeni ya JCL (maelekezo ya kuendesha jobu), weka memba (mafaili ya ndani yake) 37 zenye majina yale yale, ndani ya kila moja EXEC PGM=IEFBR14 basi. Ni programu isiyofanya kitu, inaingia inatoka. (Na bado iliwahi kuwa na kosa! Ya mwanzo ilikuwa na agizo moja tu la kurudi ilikotoka, ikasahaulika kusafisha rejista 15, sehemu ya prosesa inakobebwa RC, kwa hiyo RC ikawa inatoka takataka yoyote iliyokuwemo, ikabidi iongezewe agizo la pili. Vijana wangu nikiwafundisha huwa naanzia hapo.)

Zikipita zote 37 kwa mpangilio usishangilie, hapo umetesti usiku ambao hakuna kilichoharibika, na usiku wa hivyo hata bila CA 7 ungepita. Anza kuharibu kwa makusudi. Jobu moja ya katikati itoe IEFBR14 uweke hii:

//HATUA1   EXEC PGM=IDCAMS
//SYSPRINT DD SYSOUT=*
//SYSIN    DD *
  SET MAXCC=8
/*

Itatoka na RC 8 bila kugusa faili lolote. Angalia kama inayofuata imesimama. Isiposimama nenda skrini ya DB.1 ya CA 7 kwenye ile jobu, tazama sehemu ya condition code (ndiyo RC) na kipimo chake, maana kama hukuweka kipimo CA 7 itaona jobu haijaanguka na itaendelea na safari. Kisha nyingine iite programu isiyokuwepo ianguke na S806 (kosa la programu kutopatikana), uone ujumbe unamfikia nani saa hizo za usiku. Kama haumfikii mtu bora uendelee na mzee.

Kibarua_wa_Bachi:

Shikamoo Bi JCL. Nimesoma mara tatu nimesevu kabisa. Hiyo ya RC 8 nimeijaribu sasa hivi na kweli, jobu ya 15 imepita kama hakuna kilichotokea 😳

Bi_JCL:

Marahaba mwanangu. Umeona sasa.

nyuki254:

Boss hiyo jobu ya 9 uliiweka saa ngapi? Tuonyeshe ile namba ulitaipu, si ile iko kwa kichwa.

Kibarua_wa_Bachi:

Mkuu nyuki ni aibu. Karatasi ya mzee inasema 2:30. Mimi kwenye daftari langu niliandika saa nane na nusu usiku kama binadamu wa kawaida, siku ya kuingiza nikasoma daftari langu mwenyewe nikaandika 0830. Kwa hiyo haikukwama, ilikuwa inasubiri asubuhi kwa adabu zake.

Siti_ya_Mbele:

😂😂😂 hapa sasa nimeelewa

nyuki254:

Hahaha pole, nilishuku tu. Mimi nilihama kuandika kwa maneno kitambo, kwa kazi ni tarakimu nne pekee yake. Na kama hapo mko jimbo la kubadilisha saa, hiyo 2:30 yenyewe ni shida. Jumapili ya pili ya Machi ikifika saa nane usiku saa inaruka inakuwa saa tisa, so hiyo usiku 0230 haipo kabisa. Na Jumapili ya kwanza ya Novemba ikifika saa nane inarudi saa saba, hapo 0130 inakuja mara mbili. Sisi huku hatujui hayo mambo, saa ni ile ile mwaka mzima. Ulizia kama 2:30 iko na sababu ama mtu alichagua tu, kama haina sababu isukume mbali na huo muda ama iamshwe na jobu ya 8 ikiisha. Angalau Novemba hii mzee bado yuko, muulize mwaka jana alifanya nini.

Mstaafu_wa_EOD:

Mdogo wangu hongera kwa kufika huko. Mimi nimezeekea kwenye AS/400, tulikuwa na amri ya ADDJOBSCDE inayojua tarehe na saa tu, mambo ya nani anamsubiri nani tuliyaandika wenyewe kwenye programu ya CL, lugha ya amri ya AS/400. Kilichotusumbua kuliko vyote kilikuwa kalenda. Pasaka unaihesabu mapema, Mei Mosi inajulikana, lakini Iddi mpaka mwezi uandame. Basi tunakaa saa mbili usiku na redio mezani, tukisikia kesho sikukuu tunakimbilia kubadili ratiba. Huko kwenu sikukuu zote zinajulikana mapema kwa hiyo usiwe na kisingizio, ziingize.

Bi_JCL:

Mstaafu umenikumbusha. Kijana, kwenye CA 7 ratiba ya kalenda inabidi ifanyiwe RESOLV, amri inayoigeuza kuwa tarehe kamili, na mwaka mpya unataka kalenda yake na RESOLV yake. Mzee anaondoka mwezi wa 12, ina maana jaribio lako la kwanza ukiwa peke yako ni Januari. Fanya RESOLV ya mwaka ujao sasa hivi, kisha toa orodha ya tarehe usome kwa macho yako. Mwisho wa mwezi unapoangukia Jumapili, Alhamisi ya nne ya Novemba (sikukuu yao ya Shukrani), zote.

La pili angalia lead time (saa za nyuma ambazo mtangulizi anakubalika) kwenye zile jobu zinazosubiri wenzake. Ukiacha 0, CA 7 inaridhika kama mtangulizi ameshakimbia wakati wowote tangu hii jobu ilipokimbia mara ya mwisho. Sasa mtu akirudia jobu ya 20 mchana kwa sababu zake, usiku ya 21 itaona mwenzake ameshamaliza na itaondoka bila kusubiri ya usiku. Ukiweka 99 inabidi mtangulizi amalize wakati hii ipo kwenye foleni inasubiri. Hakuna jibu moja kwa zote, pitia moja moja.

Na nikuulize, umeshakaa na huyo mzee usiku mzima? Sio kumuuliza maswali mchana kwa simu, kukaa naye.

Kibarua_wa_Bachi:

Hapana Bi JCL, nilipewa skani ya karatasi tu.

Bi_JCL:

Karatasi ni kumbukumbu ya mtu anayejua. Nenda na chai.

Kibarua_wa_Bachi (siku tatu baadaye):

Wakuu nimerudi. Nimekaa naye usiku mbili. Kwenye karatasi kati ya jobu ya 14 na ya 15 kuna kiduara kidogo cha kalamu, kwenye skani nilidhani ni doa la kahawa. Kumbe pale ndipo anaposubiri faili la malipo kutoka benki. Akimaliza ya 14 anafungua 3.4, skrini ya orodha ya mafaili, anaitafuta dataseti (ndilo faili lenyewe), anaangalia ukubwa wake, anakunywa chai dakika tano, anaangalia tena. Ukubwa ukiwa ule ule ndio anasabmiti ya 15. Nikamuuliza hii imeandikwa wapi akacheka. Anasema miaka ya nyuma faili lilikatika njiani likaja nusu, jobu zikapita zote RC 0, na watu waliolipa wakaandikiwa barua za kufutiwa bima.

Mimi pale nilikuwa nimeunganisha 14 na 15 moja kwa moja. Nawaza niweke triga ya dataseti, faili likifika 15 iamke. Mnasemaje?

nyuki254:

Pole pole hapo. Triga ya dataseti inaamka dataseti ikifungwa baada ya kuandikwa. Lain ya benki ikikatika katikati, dataseti pia inafungwa, na triga itaenda tu na nusu faili. Itakuwa mbaya kuliko mzee na chai yake. Hilo faili liko na rekodi ya mwisho ya jumla? Mafaili ya malipo kawaida huwa nayo, idadi ya rekodi na jumla ya pesa. Weka jobu ndogo katikati, isome ile rekodi ya mwisho, ihesabu, zisipolingana itoke na RC 8. Triga iamshe hiyo jobu ndogo, na 15 isubiri yenyewe.

Bi_JCL:

Naunga mkono. Na hiyo jobu ndogo itesti kwa faili lililokatwa, faili tupu, na faili la jana lililoletwa tena, maana la jana litakuwa na hesabu sahihi kabisa. Ndani yake lazima kuwe na kuangalia tarehe.

Mstaafu_wa_EOD:

Faili la jana!! Bi JCL umenitonesha kidonda cha miaka mingi.

Kibarua_wa_Bachi:

Asanteni sana wakuu. Rekodi ya mwisho ipo, nimeikuta, na tarehe imo. Mpango wangu sasa ni huu, wiki mbili mzee aendelee na karatasi kwenye prodakisheni kama kawaida, huku CA 7 ya testi inakimbiza zile jobu tupu usiku huo huo, asubuhi nalinganisha tiki zake na foleni yangu. Jobu ya 9 nimeiunganisha na ya 8, mzee anasema 2:30 ilikuwa saa ya basi la mwisho la opereta aliyekuwepo kabla yake 😂

Jana nimechapa mnyororo mzima kwenye karatasi ndefu nikampelekea autazame. Kasoma taratibu mpaka chini, katoa kalamu yake ya bluu, akachora kiduara kati ya 29 na 30. Kwenye karatasi yake pale hapana kitu, nimeangalia mara mbili. Nikamwambia mbona huku hakipo, kasema hicho huwa anakijua tu. Leo naingia naye zamu tena, nitarudi na majibu.

Siti_ya_Mbele:

Mimi sitoki hapa mpaka nijue cha 29.